Lafudhi ya Ziwani Mbele ya Kipaza Sauti

Mtangazaji wa Kiswahili akitamka "sida" badala ya "shida", msikilizaji wa Manyatta hapa Kisumu huwa wa kwanza kucheka, ijapokuwa ndivyo wanavyotamka majirani zake wengi kuanzia Kondele hadi ufuoni Dunga. Kicheko hicho si cha maumbile. Kina historia, na historia hiyo inaonyesha kwamba tuligeuza uamuzi wa watu wachache kuwa kipimo cha akili na ustaarabu wa mtu.

Uamuzi wenyewe ulifanywa mwaka 1928, mkutano wa Mombasa ulipochagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu na kukiacha Kimvita, lahaja ya mji huohuo wa mkutano. Mwaka huohuo matangazo ya redio yalianza Nairobi, kwa Kiingereza, kwa ajili ya walowezi. Kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilishughulika zaidi na vitabu: tahajia, sarufi na msamiati. Shughuli hiyo ilikuwa ya kalamu, lakini redio ilipokuja kukumbatia Kiswahili, usanifu wa maandishi ulihamishiwa kinywani, na sauti ya pwani ikawa ndiyo sauti ya taifa.

Ndani ya Sauti ya Kenya, jina ambalo shirika la utangazaji la serikali lilichukua mwaka 1964, hakuna aliyeipamba sauti hiyo kuliko Leonard Mambo Mbotela, ambaye kipindi chake "Je, Huu ni Ungwana?" kilianza mwaka 1966 na kudumu zaidi ya miaka hamsini. Alistahili kila sifa aliyopewa. Lakini Mbotela alizaliwa Freretown, makazi yaliyoanzishwa kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani, wengi wao wakiwa wenye asili ya bara. Lafudhi iliyoitwa safi ilitokana na malezi ya mahali, wala haikuwa ya damu. Wakati huohuo lafudhi za bara zilipewa mlango mwingine, nao ni wa vichekesho. Katika kipindi cha "Vioja Mahakamani" wahusika kama Ondiek Nyuka Kwota na Masanduku arap Simiti walitambulika mara walipofungua kinywa. Waigizaji hao walikuwa mafundi wa kazi yao, nasi tuliwapenda. Tatizo lilikuwa katika mgawanyo: habari za nchi zilisomwa kwa lafudhi iliyoelekea pwani, huku lafudhi ya ziwani ikisikika zaidi kizimbani, mbele ya hakimu wa maigizo. Mtoto aliyekua akisikiliza hivyo alijifunza, bila kufundishwa, ni sauti ipi ya kuaminiwa na ipi ya kuchekwa.

Wapo watakaosema kwamba habari lazima zieleweke, na kwamba "kushuka" si "kusuka", wala "kuzaa" si "kusaa". Hoja hiyo ina uzito. Dholuo, lugha ya Waluo wa ziwani, haina sauti za sh na z, hivyo mtangazaji anayeijua kazi yake atajifunza kuzitamka pale maana inapotegemea. Hata hivyo, muktadha hutatua sehemu kubwa ya utata huo, na Mmombasa akisema "ndoo" pale Mzanzibari asemapo "njoo", hakuna anayedai kwamba hakuelewa. Upatanisho mbovu wa ngeli na maneno yaliyotumiwa ovyo ni makosa ya lugha, nayo yasahihishwe bila huruma. Mkazo na mahadhi ya mtu wa Kisumu si kosa.

Wengine watajibu kwamba Mluo tayari ana Ramogi FM na Radio Mayienga. Ni kweli, na stesheni hizo zimeipa Dholuo heshima hewani. Lakini huko mtu anazungumza na wenzake. Taifa linazungumza Kiswahili, na Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inakifanya lugha ya taifa huku ikiiagiza serikali kulinda anuwai ya lugha za wananchi. Uingereza nayo ilipita hapo: BBC ilipomweka Wilfred Pickles wa Yorkshire kusoma habari mwaka 1941, wasikilizaji walilalamika, lakini leo lafudhi za mikoa husikika huko kila siku.

Wahariri wa Kiswahili jijini Nairobi, mnapowasikiliza vijana wanaoomba kazi, pimeni sarufi, ufasaha na ukweli wa habari wanazozisoma. Msimkatae kijana wa Manyatta kwa sababu mmesikia ametoka wapi.