Ufunguo wa Maktaba: Watunza Vitabu wa Usukuma na Safari ya Shahada

Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii aghalabu huelekezwa kwa wafanyabiashara, lakini anayeitafakari ataona kuwa inalihusu pia daftari lenyewe: nani analitunza, amefundishwa wapi, na anamtumikia nani. Katika historia ya elimu ya Afrika Mashariki tumeandika mengi juu ya walimu, watunzi na wachapishaji. Juu ya mtu anayeshika ufunguo wa chumba cha vitabu tumeandika machache mno. Makala haya yanakusudia kumtazama mtu huyo, na yatamtazama akiwa mahali pamoja: Nassa, nchi ya Wasukuma iliyo kwenye Ghuba ya Speke, katika Ziwa Victoria.

Msomaji wa Unguja au Pemba huenda akauliza, kwa nini Nassa? Jawabu ni kwamba mahali hapo palipitiwa na karibu kila jaribio la kuwapelekea watu wa shamba vitabu katika nchi yetu. Nassa imo leo katika wilaya ya Busega, mkoa wa Simiyu, ambao makao yake makuu ni Bariadi. Kabla ya mkoa huo kuundwa mwaka 2012, Nassa ilikuwa katika wilaya ya Magu, mkoa wa Mwanza. Watu wake ni wakulima wa pamba, wafugaji na wavuvi, na ng'ambo ya ghuba yao kuna kisiwa cha Ukerewe. Si mji wa vyuo wala wa ofisi kubwa. Ndiyo maana unafaa kuwa kipimo, kwani huduma ya maktaba haipimwi kwa fahari ya jengo lililo mji mkuu, bali kwa kile kinachomfikia mtu wa Nassa.

Vitabu vilivyochapwa vilifika huko pamoja na wamisionari. Chama cha Kiingereza cha CMS kilifungua kituo Nassa mwishoni mwa miaka ya 1880, na katika miaka ya 1890 sehemu za Injili zilikwisha kutafsiriwa kwa Kisukuma. Mwaka 1909 kituo kilikabidhiwa kwa Africa Inland Mission, na kazi ya tafsiri ikaendelea hadi Biblia nzima ya Kisukuma ikatoka mwaka 1960. Huku kwetu mwambao, vitabu vilikuwa vimekwisha kukaa karne nyingi majumbani mwa masheikh, vikiandikwa kwa hati za Kiarabu na kurithiwa na watoto. Lakini pande zote mbili zilikuwa na jambo moja la pamoja: mtunza vitabu hakuwa na cheo cha utunzaji. Alikuwa mwalimu, au mtu wa dini, au mzee wa nyumba. Watu walimwendea kwa sababu walimjua, naye aliwapa kitabu kwa sababu aliwajua.

Serikali ya kikoloni ilianza kulishughulikia suala hili baada ya Vita Kuu ya Pili. Kufuatana na mapendekezo ya mwandishi Elspeth Huxley, Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki liliundwa mwaka 1948 likiwa na makao yake Nairobi, chini ya uongozi wa Charles Richards. Shirika hilo lilichapisha vitabu kwa lugha za Kiafrika, na pia lilianzisha maktaba za masanduku na maktaba za posta. Sanduku la vitabu lilipelekwa kwenye skuli, kituo cha misheni au ofisi. Mtu wa mahali hapo alilipokea, akaandika daftari la waazimaji, kisha akalirudisha ili libadilishwe. Mtu huyo alikuwa mfanyakazi wa maktaba ijapokuwa hakuitwa hivyo, wala hakupata mafunzo yoyote ya kazi hiyo.

Katika miaka hiyohiyo watu wa Usukuma walikuwa na sababu yao wenyewe ya kutaka kusoma. Wakulima wa pamba walilalamika kwamba wakipunjwa kwenye mizani ya wanunuzi, na malalamiko hayo ndiyo yaliyozaa vyama vya ushirika vilivyoongozwa na Paul Bomani na wenziwe, hata mwaka 1955 ukaundwa Muungano wa Vyama vya Ushirika wa Victoria. Chama cha ushirika kilihitaji makarani, stakabadhi na hesabu zinazosomeka. Kwa mkulima, kusoma hakukuwa pambo. Kulikuwa ni kinga ya jasho lake. Jambo hili yafaa tulikumbuke, kwani tutalirudia tutakapouliza shahada ya mkutubi inapaswa kumfundisha nini.

Mwaka 1960 Sidney Hockey, aliyekuwa akiongoza huduma za maktaba za Shirika, alitoa taarifa iliyopendekeza kila nchi iwe na huduma yake ya maktaba ya taifa. Tanganyika ilitunga sheria mwaka 1963, na kazi ikaanza mwaka 1964 chini ya Mkurugenzi wa kwanza, Max Broome. Tarehe 9 Desemba 1967 Rais Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 uongozi ukashikwa na Mtanzania, Ezekiel Kaungamno, ambaye mwaka 1979 alitoa pamoja na C. S. Ilomo kitabu juu ya nafasi ya vitabu katika ujenzi wa taifa. Huduma za maktaba si jambo la Muungano, na Zanzibar ina zake. Hata hivyo suala la mafunzo limetukabili sote kwa namna moja.

Basi wafanyakazi wa huduma hiyo mpya walisomea wapi? Wa mwanzo walipelekwa Uingereza. Mwaka 1963 Skuli ya Ukutubi ya Afrika Mashariki ilifunguliwa Makerere, nchini Uganda, kwa msaada wa UNESCO, nayo ikawapokea vijana wa nchi zote za eneo hili. Lakini utawala wa Idi Amin ulioanza mwaka 1971, kuvunjika kwa Jumuiya mwaka 1977, na vita vya 1978 na 1979 viliifanya njia ya Makerere kuwa nyembamba kwa Mtanzania. Wasaidizi wa maktaba wakawa wanafundishwa Dar es Salaam kwa kozi ya cheti. Kila daraja la elimu lilimwondoa mfanyakazi hatua moja kutoka alikotoka: cheti Dar es Salaam, stashahada Kampala, shahada ng'ambo. Na aliyerudi na shahada hakurudi kijijini. Alirudi makao makuu, kwa kuwa huko ndiko palipokuwa na cheo kinacholingana na karatasi yake.

Wakati huohuo upande wa pili wa historia ulikuwa ukiandikwa kando ya Ziwa. Kuanzia 1968 hadi 1972 UNESCO na serikali ziliendesha mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa katika mikoa minne ya Ziwa: Mwanza, Shinyanga, Mara na Ziwa Magharibi. Watu wazima walijifunza kusoma kwa vitabu vilivyohusu kazi zao, kama vile pamba, migomba na uvuvi. Nassa ilikuwa ndani ya eneo hilo. Ili waliojua kusoma wasisahau, zikaanzishwa maktaba za vijijini, na mwaka 1974 likaanza gazeti la vijijini la kanda hiyo, lililoitwa Elimu Haina Mwisho. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikuwa imewakusanya mamilioni ya watu katika vikundi vya kusikiliza redio na kusoma pamoja.

Nani aliyetunza maktaba hizo? Aghalabu alikuwa mwanakijiji aliyechaguliwa, au mwalimu wa elimu ya watu wazima aliyeongezewa jukumu hilo juu ya mengine. Alipata semina ya muda mfupi na posho ndogo. Alijua ni mzee gani asiyeona herufi ndogo, ni mama gani anayekuja baada ya kuteka maji, na ni mwezi gani watu wote wamo mashambani wakichuma pamba. Hayo ni maarifa ambayo hayapatikani chuoni. Lakini hakufundishwa namna ya kuomba vitabu vipya, kutengeneza vilivyochakaa, wala kuandika taarifa itakayosomwa wilayani. Juu ya yote, hakuwa na ngazi. Lau alifanya kazi kwa miaka kumi, mwaka wa kumi ungemkuta palepale alipoanzia.

Hapa ndipo tunapoona sababu mojawapo ya kuanguka kwa maktaba za vijijini, ambayo haitajwi sana. Sababu zinazotajwa ni uhaba wa karatasi, gharama za vita, bei ya mafuta, na kubana matumizi ya serikali katika miaka ya 1980. Zote ni za kweli. Lakini huduma inayotegemea mtu asiye na ngazi hufa mara posho inapokatika, kwani hakuna kinachomfunga kwayo wala aliyeandaliwa kumrithi. Takwimu rasmi zilisema kuwa mwaka 1986 wasiojua kusoma walikuwa wamepungua hadi karibu asilimia 10. Sensa ya mwaka 2002 ikaonyesha kuwa wanaojua kusoma na kuandika walikuwa takriban asilimia 69. Vipimo viwili hivyo havikufanywa kwa namna moja, na tusivilinganishe kama mizani ya dhahabu. Hata hivyo vinatuambia kwamba kumfundisha mtu kusoma kisha kumwacha bila cha kusoma ni sawa na kumchimbia kisima na kumnyima kamba.

Hivyo taifa likawa na aina mbili za watunza vitabu ambao hawakukutana: mwenye shahada asiyekijua kijiji, na mwenye kukijua kijiji asiye na shahada. Mwaka 1989 Chuo cha Ukutubi na Uhifadhi Nyaraka kilianza Bagamoyo, kikitoa cheti na stashahada. Mwaka 1997 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikaanzisha shahada ya uzamili ya taaluma ya habari, ilhali shahada ya kwanza ya ukutubi ilikuwa haijaanza nchini. Kwa jirani zetu wa Kenya, Chuo Kikuu cha Moi kilikuwa na kitivo cha taaluma hiyo tangu 1988. Yaani nyumba yetu iliezekwa kabla ya kuta kukamilika. Msaidizi wa maktaba wa mkoani aliyemaliza Bagamoyo aliyaona mapaa juu, na ngazi ya kumfikisha haikuwepo. Ni katika miaka ya 2000 ndipo vyuo vyetu vilipoanza kujenga kuta hizo.

Badiliko kubwa kwa mtu wa Nassa, kwa maoni yangu, lilitoka kwenye chuo ambacho hakikuundwa kwa ajili ya wakutubi. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichopokea wanafunzi wake wa mwanzo mwaka 1994, hufundisha kwa masafa na kina vituo mikoani; nacho baadaye kikaweka shahada ya kwanza ya ukutubi. Kwa mara ya kwanza msaidizi wa maktaba aliweza kusomea shahada bila ya kuacha kazi, familia na wasomaji wake. Hii si tofauti ya nauli tu. Anayejifunza mchana akiwa kaunta, na kufungua kitabu cha somo usiku, huipima kila nadharia kwa watu aliowahudumia siku ileile.

Tuchukue mfano mmoja. Mwanafunzi wa ukutubi hujifunza mpango wa Dewey, uliotolewa Marekani mwaka 1876. Katika mpango huo pamba ina namba 633.51, uvuvi 639.2, na malaria 616.9362. Ni utaratibu mzuri, na asiyeujua atapotea katika maktaba yoyote kubwa. Lakini mkulima hafiki na namba. Hufika akisema kwamba majani ya pamba yake yametobolewa, mvua imechelewa, na deni la mbegu linamkabili. Swali lake ni moja, na majibu yake yametawanyika katika rafu nne. Mkutubi aliyesoma bila kuwajua watu atamwonyesha rafu moja. Anayewajua watu bila kusoma atamhurumia na kumkosesha zote. Anayehitajika ni yule aliyeyaunganisha mawili hayo, na shahada isiyomfundisha kuyaunganisha ina upungufu.

Jukumu lake haliishii kwenye kutoa vitabu. Ng'ambo ya ghuba, Ukerewe, Aniceti Kitereza alikamilisha riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, nayo ikakaa miaka 35 kabla ya kuchapishwa kwa Kiswahili alichokitafsiri mwenyewe. Alifariki mwaka 1981. Ni kazi ngapi nyingine zimelala katika masanduku ya kando ya Ziwa, na nyimbo ngapi za ngoma za bagalu na bagika hazijarekodiwa? Mkutubi wa jamii ndiye wa kwanza anayeweza kusikia kwamba mzee fulani ana daftari.

Majirani zetu wameonyesha kuwa jambo hili linawezekana. Mwaka 1996 huduma ya maktaba ya Kenya ilianza kuwapelekea wafugaji wa Garissa vitabu kwa ngamia, badala ya kungoja wafugaji waje mjini. Kitengesa, karibu na Masaka nchini Uganda, maktaba ya kijiji iliwapa kazi wanafunzi wa skuli ya sekondari ili wajilipie karo, na hivyo ikawalea wafanyakazi wake kutoka miongoni mwa wasomaji wake. Hapa penye Kitengesa ndipo penye funzo letu: ngazi ianzie kijijini.

Kwa hiyo halmashauri inapompa msaidizi wa maktaba ruhusa ya kusoma, na inapotafuta fedha ya kumsaidia ada, isihesabu kuwa inamfanyia hisani mtu mmoja. Nayo ina haki ya kumuuliza, na chuo chake pia, swali moja: baada ya shahada, je, pana cheo na mshahara wa kumrudisha kwa watu wake? Maana tukiendelea kumpandisha mkutubi kwa sharti la kumhamisha, tutazidi kupata wasomi, na Nassa itazidi kungoja sanduku.