Machozi, Chuma na Vijidudu vya Macho

Katika mazungumzo haya twataka kueleza habari za chuma; si chuma cha jembe wala cha shoka, bali kile kidogo mno kilichomo mwilini mwetu, na jinsi kinavyogombewa ndani ya jicho.

Mwezi wa Januari 2024 ugonjwa wa macho mekundu ulienea katika jiji la Dar es Salaam, ambamo Manzese yetu imo. Ugonjwa ule uliletwa na virusi, navyo si habari yetu ya leo. Lakini twaweza kujiuliza: jicho li wazi mchana kutwa, vumbi na nzi hulifikia, mbona basi haliugui kila siku?

Jawabu la kwanza lilitoka London mwaka 1922. Bwana Alexander Fleming alitangaza kwamba katika machozi mna kitu kiyeyushacho baadhi ya bakteria, akakiita lisozimu. Mwaka 1944 wataalamu wawili wa Marekani, Schade na Caroline, walionyesha kwamba ute mweupe wa yai huzuia vijidudu vya kuhara damu visizaane. Lakini ukitiwa chuma, huzaana tena. Basi ute ule ulivishinda kwa kuvinyima chakula. Baadaye kitu cha namna hiyo, laktoferini, kilionekana katika maziwa ya mama, na katika machozi pia. Wazee walisema, "Adui mwombee njaa". Jicho hufanya hivyo hasa, kwani laktoferini hukamata chuma chote kilicho karibu.

Hata hivyo adui naye ana hila. Bakteria wengine hutoa vitu vya kunasa chuma, kama mvuvi atupaye wavu. Kijidudu cha kisonono hukinyang'anya kutoka kwa laktoferini yenyewe; nacho ndicho kiwezacho kumpofusha mtoto mchanga apitapo katika njia ya uzazi.

Jambo hili lilitupa fundisho zito huko Pemba. Tangu mwaka 2002 watoto wadogo walipewa vidonge vya chuma na foliki ili wapate damu. Mwezi wa Agosti 2003 vidonge vile vilisimamishwa, kwa kuwa waliovimeza walilazwa hospitali na kufa zaidi kuliko wenzao, maana nchi ile ilikuwa na malaria nyingi. Lakini watoto waliopimwa na kuonekana wamepungukiwa chuma, tena wakatibiwa malaria, walifaidika.

Basi chuma si adui wala si dawa ya kila mtu. Apewe ahitajiye, baada ya kupimwa. Na mtu asiseme, "Maziwa ya mama yana laktoferini, nitayatia jichoni." Maziwa yana sukari pia, nayo hulisha vijidudu. Jicho likiwa jekundu na kutoa usaha, tunawe mikono, tusishirikiane taulo, twende kwa mganga wa hospitali mapema. Na jicho la mtoto mchanga lisingoje hata siku moja.