Sarafu za Kitambo: Kabla Uitishe Milioni, Jua Vile Zinapimwa Gredi Majuu

Hukosi kuona msee ameposti ile sarafu ya bob 40 yenye sura ya Kibaki, ati bei ni milioni, asiye na doo asipige simu. Tulia kwanza. Sarafu hiyo ilitoka 2003 Kenya ikiadhimisha miaka 40 ya uhuru, na watu walinunua nayo mkate kama kawaida. Ni kitu poa kuwa nacho, lakini haitakununulia ploti Kitengela.

Bei ya sarafu hutegemea ni ya aina gani, zimebaki ngapi, nani anaitaka, na iko katika hali gani. Hapo kwa hali ndipo wengi hupotea, na ndipo kampuni za gredi huingia. Zile kubwa mbili ziko Marekani: PCGS ya California, iliyoanzishwa 1985, na NGC, iliyoanza 1987 na iko Sarasota, Florida. Hawanunui sarafu yako. Wanaangalia kama ni ya ukweli ama feki, wanaipa namba ya hali yake, kisha wanaifungia ndani ya kasha gumu la plastiki lenye lebo na namba ya usajili. Kupata mnunuzi ni shughuli yako.

Namba zenyewe huenda kutoka 1 hadi 70. Zilitoka kwa jamaa anaitwa William Sheldon, aliyekuwa akikusanya senti za zamani za Marekani. Mwaka 1949 alipendekeza kwamba senti ya namba 70 iwe na bei mara 70 ya ile ya namba 1. Hesabu yake ya bei ilikufa kitambo lakini namba zikabaki. Siku hizi sarafu ambayo haijawahi kutumika huanzia 60. Ukifika 70, hata mtu akiikuza mara tano kwa lenzi hapati dosari. Kati ya 63 na 66 tofauti ni mikwaruzo na alama ndogo tu, lakini kwa sarafu adimu, mnadani hiyo ni tofauti ya doo mob.

Sasa sikiza hii vizuri, maana ndiyo huua sarafu nyingi hapa kwetu: USIOSHE. Ukitoa shilingi ya 1925 kwa mkebe wa shosh, usiisugue na ndimu, kolgeti, Vim ama stilwuli ndio ing'ae. Ile rangi nyeusi ya miaka ndiyo wakusanyaji hupenda, na ikishatoka hairudi. Wapimaji huona mistari ya kusugua mara moja. Sarafu yako itarudi ikiwa imeandikwa "Details", yaani ni halali lakini imeharibiwa, na haina namba. Ada nayo hurudishiwi.

Zipi zinafaa kutumwa? Tuongee za kwetu. Kuna rupia ya fedha ya 1888 yenye jina Mombasa, iliyotolewa na Imperial British East Africa Company. Kuna florini ya Afrika Mashariki ya 1920, pesa ambayo haikukaa sana kabla shilingi kuingia 1921. Hizo zikiwa safi, mtu serious atakusikiza. Alafu kuna ile senti 10 ya 1936 yenye shimo katikati na jina la Edward VIII, mfalme aliyeacha kiti mwaka huohuo kabla hata ya kuvikwa taji. Stori yake ni tamu na kila mtu anadhani ni dhahabu. Ukweli ni kwamba zilitengenezwa kwa mamilioni. Kama imelika, iweke nyumbani, kwa sababu ada ya gredi itazidi bei yake.

Kuhusu ile rupia ya 1888 kuna ngori moja ambayo wachache wanajua. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006 inahesabu kitu chochote cha kubebeka kilichotengenezwa ama kuletwa Kenya kabla ya 1895 kuwa cha kale, ukitoa vitabu na hati. Huwezi kukitoa nje ya nchi bila kibali. Kwa hivyo kabla ufunge parseli, pitia Makumbusho uulize. Kushikwa na sarafu ya babu pale JKIA si stori ya kuchekesha.

Kutuma kwenyewe kuna njia mbili. Unaweza kulipia uanachama wa kampuni, ujaze fomu yao onlaini na utume mwenyewe, ama upitie kwa muuzaji aliyeidhinishwa akutumie pamoja na zake. Kwenye fomu unaandika nchi, mwaka, aina ya sarafu na bei unayokadiria. Usidanganye kwa bei, maana ada na bima hufuata hiyo hiyo. Kila sarafu iingie kwa mfuko wake laini wa plastiki isiyo na PVC (ile yenye PVC huacha utando wa kijani), na usipige stepla karibu nayo. Shika kwa ukingo. Piga picha pande zote mbili, na uweke risiti zote, zitakusaidia kuwaeleza forodha kuwa mzigo unarudi, si mpya. Uliza pia kampuni ya kusafirisha mapema, nyingi zina masharti makali kuhusu sarafu.

Kwa hesabu: ada ya kila sarafu, ada ya kushughulikia oda, kutuma, kurudisha, bima. Sarafu moja peke yake hukula hasara haraka, ndio maana wajanja hujikusanya mbogi, wakatuma kumi ama ishirini pamoja.

Na kama wewe ndiye unanunua iliyo kwa kasha tayari, chukua ile namba ya lebo, iweke kwa websaiti ya kampuni, ulinganishe picha na sarafu iliyo mkononi. Makasha feki yako. Na jamaa akikwambia kuna mzungu anangoja kununua bob 40 yako, bora utume thao mbili za "usajili" kwanza, mblok.