Walokole na Mali Iliyorudishwa

Dini zimeenezwa katika Afrika Mashariki kwa njia nyingi: kwa shule, kwa hospitali, kwa vitabu, na pengine kwa bunduki ya serikali iliyosimama nyuma ya mhubiri. Njia ya watu wanaoitwa Walokole, au Abarokore kama wanavyojulikana hapa Burundi na katika Rwanda, ilikuwa ya namna nyingine. Hawakuanza kwa kumweleza jirani dhambi zake. Walianza kwa kumweleza dhambi zao wenyewe, kisha wakamrudishia alichoibiwa.

Chanzo cha mwamko huo hutajwa kuwa ni Kampala, juu ya kilima cha Namirembe, mwezi Septemba mwaka 1929. Daktari Mwingereza, Joe Church, alikuwa ametoka Gahini katika Rwanda, hali amechoka mwili na roho baada ya njaa kubwa ya mwaka 1928 na 1929. Hapo alikutana na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa ofisa wa afya katika serikali ya Buganda. Mzungu na Mwafrika wakakaa pamoja wakisoma Biblia na kuomba, kila mmoja akikiri kwamba amepungukiwa. Katika siku zile za ukoloni, jambo hilo peke yake lilitosha kuwashangaza watu.

Lakini mwamko wenyewe ulionekana zaidi katika hospitali ya Gahini. Msaidizi mkuu wa hospitali hiyo, Yosiya Kinuka, alikuwa amechoshwa na kazi, tena haelewani na daktari wake, hata akataka kuondoka. Alipokwenda Kampala kumweleza Nsibambi mabaya ya hospitali, Nsibambi hakuzungumza sana juu ya hospitali. Alimwuliza habari za moyo wake mwenyewe. Kinuka alirudi Gahini mtu mwingine. Wenzake waliomjua kwa ukali wake hawakuhitaji kuhubiriwa ili waone kwamba kuna jambo limetokea, kwa kuwa walifanya kazi naye kila siku, na kama angekuwa anajifanya wangalimgundua kabla ya wiki kwisha.

Hapo ndipo ilipokuwa nguvu ya ushuhuda wa namna hii. Ulitolewa mbele ya watu walioweza kuupima. Aliyeiba alikwenda na kitu mkononi kwa mwenyewe, aliyedaiwa alilipa, mume aliomba msamaha kwa mkewe. Wamisionari nao walijikuta wakiwaomba radhi Waafrika kwa kiburi chao. Baadhi yao hawakuipenda habari hiyo hata kidogo, na wakuu wa Kanisa waliona kwamba hawa ni watu wakaidi wanaojihesabu kuwa bora kuliko wengine. Mwaka 1941 chuo cha theolojia cha Mukono, Uganda, kiliwafukuza wanafunzi 26 wa Uamsho, miongoni mwao William Nagenda. Na haki isemwe: palikuwa na ukweli fulani katika lawama hizo. Kuungama hadharani kunaweza kugeuka kuwa desturi, na desturi ikawa majivuno, mtu akasimulia wizi wake wa zamani kama askari asimuliavyo vita.

Katika Burundi, Misheni ya Ruanda ilifungua vituo vya Matana na Buhiga katikati ya miaka ya 1930, na Waafrika waliotoka katika mwamko wa Gahini wakaja na habari zao. Bujumbura, ambayo hadi uhuru wa mwaka 1962 iliitwa Usumbura, ilikuwa mji wa maofisa wa Kibelgiji, wafanya biashara na Waislamu wa Buyenzi wenye kusema Kiswahili. Mwamko ulikuja mjini baada ya kuenea vilimani.

Mtihani mkubwa haukuwa wa mali bali wa damu. Walokole walikuwa wamesema kwamba mbele ya msalaba hakuna Mhutu wala Mtutsi. Mwezi Januari mwaka 1964, huko Nyamata, Rwanda, karibu na mpaka wa Burundi, askari walimchukua usiku Yona Kanamuzeyi, mhudumu wa Kanisa la Anglikana aliyekuwa akiwatunza Watutsi waliofukuzwa makwao, wakamwua. Habari zilizoletwa na mwenzake aliyenusurika zasema kwamba alikwenda akiimba. Miaka thelathini baadaye, mwezi Aprili mwaka 1994, katika Nyamata hiyo hiyo, maelfu ya watu waliokimbilia kanisa la Kikatoliki waliuawa humo, na wengi wa wauaji walikuwa wamebatizwa.

Burundi nayo ilikuwa na mwaka 1972, walipouawa Wahutu makumi ya maelfu, wakiwamo walimu, wanafunzi na wachungaji. Ikawa na mwaka 1993, baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa tarehe 21 Oktoba, ambapo Watutsi wengi waliuawa vilimani na Wahutu wengi wakauawa kwa kisasi. Bujumbura ikagawanyika mtaa kwa mtaa. Kamenge ikawa ya hawa, Ngagara ikawa ya wale. Buyenzi, mtaa wa Waislamu, ulikataa kugawanyika, ukawaficha watu wa pande zote. Mkristo anayetaka kuzungumza juu ya maisha yaliyobadilika hana budi kuanza na habari hiyo.

Baada ya Mapatano ya Arusha ya tarehe 28 Agosti mwaka 2000, wakimbizi wa mwaka 1972 walirudi kutoka Tanzania, wakakuta mashamba yao ya Rumonge na Nyanza-Lac yanalimwa na wengine. Mwaka 2006 serikali ikaunda tume ya ardhi na mali nyingine kuamua mashauri hayo. Mara nyingi mdai na mdaiwa wote wawili ni Wakristo, na michikichi iliyopandwa na baba wa mmoja inavunwa na watoto wa mwingine.