Njaa ya Maji Maji na Ubishi juu ya Mwenye Dhamana

Vita vya Maji Maji vilianza Julai 1905 katika vilima vya Umatumbi, nyuma ya Kilwa, pale watu wa Nandete walipong'oa pamba ya shamba la serikali ya Kijerumani. Pamba hiyo walilimishwa kwa shuruti chini ya majumbe na maakida, wasimamizi wa serikali hiyo, kwa malipo yasiyolingana na jasho lao, huku mashamba yao ya chakula yakimezwa na magugu. Dawa ya maji iliyotolewa Ngarambe na Kinjikitile Ngwale, ambaye Wajerumani walimnyonga Agosti 4, iliwaunganisha Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro, Wambunga, na baadaye Wangoni.

Mapigano ya ana kwa ana hayakudumu. Agosti 30 maelfu ya wapiganaji walilishambulia boma la Mahenge, wakakutana na bombomu. Waliokuwa mbele walianguka kwa safu. Kuanzia hapo wapiganaji waliliacha jambo la kuvamia maboma wakaingia porini, na jeshi la Gavana Gustav Adolf von Götzen likakosa adui wa kumlenga. Hapo ndipo ulipofanyika uamuzi ambao wanahistoria wanaubishania hadi leo.

Oktoba 1905 Kapteni Wangenheim alimwandikia gavana kwamba silaha peke yake hazitafua dafu, na kwamba ni njaa na dhiki tu zitakazowafanya watu wasalimu amri. Ushauri huo ulifuatwa. Vikosi vilipita kijiji kwa kijiji vikichoma nyumba na maghala, vikila au kuharibu mtama na mahindi, vikichukua mifugo. Msimu wa kupanda ulipofika, watu walikuwa mafichoni na mbegu hawana. Huko Songea afisa mmoja, alipoelezwa na mmisionari kwamba njaa inakuja, alijibu kwamba ni sawa, na kwamba angeweza angewazuia watu hata kupanda.

Jibu hilo lina uzito zaidi kuliko takwimu. Watetezi wa utawala ule wamezoea kuihesabu njaa ya 1906 na 1907 kama balaa linalofuata vita vyovyote, au kama makosa ya makamanda waliozidiwa na ukubwa wa nchi. Lakini kosa ni jambo lisilokusudiwa. Hapa matokeo yalijulikana kabla, yakaandikwa, yakatakiwa. Aliyekufa kwa njaa mwaka 1907, mara nyingi mtoto au mzee asiyewahi kushika mkuki, hakuuawa kwa bahati mbaya.

Hesabu yenyewe ina mvutano wake. Kwa upande wa serikali walikufa Wazungu 15 na askari weusi na wasaidizi wao 389. Kwa upande wa wananchi, serikali ya Kijerumani ilitaja watu 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa, aliyeshiriki utafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliowahoji wazee mwishoni mwa miaka ya 1960, alikadiria 250,000 hadi 300,000, takriban theluthi moja ya watu wa eneo la vita. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo ni wafu wa njaa: anayewahesabu hupata picha nyingine kabisa ya vita.

Ujerumani kwenyewe hoja ya nani alaumiwe ilizuka mapema. Götzen alielekeza lawama kwa waganga na ushirikina, maelezo yaliyomfaa, maana yaliiepusha sera yake ya pamba. Aliondoka mwaka 1906, na mwaka 1909 akachapisha kitabu kuitetea kazi yake. Bungeni Berlin Wasoshalisti na chama cha Kikatoliki walizishambulia sera za makoloni hadi Bunge likavunjwa Desemba 1906, ingawa kilicholivunja kilikuwa fedha za vita vya Namibia, koloni jingine la Ujerumani. Watu wa Ungoni na Ungindo walitajwa kwa nadra.

Wapo pia wasiopenda kukumbushwa kwamba waliochoma maghala wengi wao walikuwa Waafrika: askari wa Kisudani na wa makabila ya koloni lenyewe, pamoja na ruga-ruga, wapiganaji wasaidizi waliolipwa kwa nyara. Hilo ni kweli na halipaswi kufichwa. Ila amri haikutoka kwao.

Katika Songea makumi ya viongozi wa Kingoni walinyongwa Februari 27, 1906, na siku hiyo huadhimishwa kila mwaka kwenye makumbusho ya mjini humo. Nduna Songea Mbano naye alinyongwa, na jamaa zake husema kichwa chake kilipelekwa Ujerumani.

Februari 2017 Waziri wa Ulinzi Hussein Mwinyi aliliambia Bunge kwamba Tanzania ingedai fidia. Mwaka 2021 Ujerumani ilikiri mauaji ya halaiki ya Namibia na kuahidi euro bilioni 1.1 kwa miaka 30. Novemba 1, 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier alifika Songea, akaomba msamaha kwa yaliyotendwa na Wajerumani, akaahidi kusaidia kukitafuta kichwa cha Songea Mbano. Makubaliano ya aina ya Namibia hayakutangazwa katika ziara hiyo.