Foleni, yanga na kafa Ulaya: Watanzania wasimulia miaka ya uhaba

Msikilizaji, kisa cha kudorora kwa uchumi wa Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1980 kimekwishaelezwa mara nyingi na wataalamu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, Vita vya Kagera vikaanza Oktoba 1978, bei ya mafuta ikapanda tena mwaka 1979, na fedha za kigeni zikakauka. Baada ya vita, Rais Julius Nyerere aliwataka wananchi wafunge mkanda kwa miezi 18. Miezi hiyo iligeuka miaka.

Lakini waulize walioishi wakati huo, wawe Dar es Salaam, Muscat au London, nao hawataanza na fedha za kigeni. Wataanza na foleni.

Mtu alifika dukani usiku, akaweka jiwe au kikapu kimshikie nafasi, kisha akarudi kulala. Asubuhi watu walijipanga hata kabla ya kujua kinachouzwa. Sukari, sabuni au khanga, chochote kilifaa. Waliokosa sabuni walifulia majani ya mpapai. Miguuni walivaa katambuga, viatu vilivyochongwa kwa matairi makuukuu. Nguo za mitumba, zilipopatikana, ziliitwa kafa Ulaya, kwa imani kwamba wenyewe wamekwisha kufa. Aliyeandaa harusi alitafuta kwanza kibali cha sukari.

Mimi nilikuwa mtoto mdogo, na ninachokumbuka ni rangi tu: ugali wa manjano, uliopikwa kwa unga wa mahindi ya msaada tuliouita yanga. Nilidhani ndiyo rangi ya ugali.

Ukitaja mwaka 1983, hata hivyo, wazee hawakubaliani. Mwaka huo Waziri Mkuu Edward Sokoine aliongoza msako dhidi ya walioitwa wahujumu uchumi. Wapo wanaomkumbuka kwa machozi. Wanasema bidhaa zilizofichwa zilionekana, na mnyonge alipata mtetezi. Wengine wanakumbuka hofu: watu wakitupa vitenge, redio na magunia ya sukari usiku, vingine baharini, kwa kuogopa kukutwa navyo. Sheria iliyotungwa mwaka huo iliwapeleka watuhumiwa mbele ya baraza maalumu, bila dhamana na bila wakili. Mlanguzi mkubwa na mwenye genge aliyeweka akiba ya sabuni waliweza kuogopa kwa namna moja. Sokoine alifariki katika ajali ya gari tarehe 12 Aprili 1984, na pengine kifo hicho kimezidi kuufanya mjadala huu uwe mgumu. Mimi naona kumbukumbu zote mbili ni za kweli, na si kazi ya mtangazaji kuzipatanisha.

Kuna upande mwingine ambao husimuliwa kwa sauti ya chini, labda kwa sababu wasimulizi wake wengi ni wanawake. Mshahara ulipokwisha thamani, nani alilisha nyumba? Mtafiti wa Kimarekani Aili Mari Tripp aliwahoji wakazi wa Manzese na Buguruni mwishoni mwa miaka ya 1980, na kitabu chake cha mwaka 1997 kinaeleza jinsi mapato halisi ya waajiriwa yalivyoporomoka kwa zaidi ya asilimia 80 kati ya 1974 na 1988. Familia ziliishi kwa miradi: maandazi, vitumbua, kuku, ushonaji, mchezo wa upato. Daktari au karani alikwenda kazini asubuhi, lakini chakula cha jioni kilitoka kwenye karai la mkewe. Nayo mabasi madogo ya watu binafsi, yaliyokuwa yakikimbizana na polisi, yaliruhusiwa mwaka 1983. Nauli ya shilingi tano, sarafu iliyoitwa dala, ikayapa jina la daladala.

Hotuba za viongozi wa wakati ule zimehifadhiwa kwenye kanda. Sauti ya muuza maandazi wa Buguruni ni nadra kuisikia, na aliyekuwa na umri wa miaka 35 mwaka 1983 sasa amekaribia miaka 80.

Mama yangu ni mmoja wao. Maduka yamejaa, lakini chini ya kitanda chake hapakosekani miche ya sabuni, imefungwa kwenye khanga. Nilipomuuliza ni ya nini, aliniuliza kwanza kama kinasa sauti kimezimwa.