Ng'ombe Mchafu Alingoja Miaka 9

Wasee, leo tuongee kuhusu ng'ombe. Huyu si wa Kajiado. Anaitwa Dirty COW, kasoro iliyokaa ndani ya Linux tangu 2007, na Linux ndiyo inaendesha seva nyingi za intaneti na kila simu ya Android. Alishikwa Oktoba 2016.

COW ni kifupi cha mbinu ya kubana kumbukumbu: programu nyingi zinasoma ukurasa mmoja, na anayetaka kuandika ndio anatolewa nakala yake. Kazi hiyo ni ya keneli, ule moyo wa mfumo.

Chukulia keneli ni karani. Faili ya asili huruhusiwi kuichora. Ukiomba kuandika, anakutolea fotokopi, halafu anafuta kwa daftari yake kwamba ulitaka kuandika, coz hiyo kazi ameimaliza. Kabla uguse kalamu, beshte yako anaitupa hiyo fotokopi. Karani akirudi hakuna nakala, na hakumbuki ulitaka kuandika. Anakupatia ile ya asili. Umechora.

Hakuna kufuli imevunjwa. Ni kazi mbili zimekimbizana, zikapitia pengo dogo. Ukijaribu mara elfu nyingi, kuna siku zitagongana vile unataka, na mtumiaji wa kawaida anageuka mwenye mashine.

Sasa sikia hii. Linus Torvalds, mwenyewe aliyeanzisha Linux, alikuwa amejaribu kuziba hilo pengo 2005. Dawa yake ikaleta shida kwa s390, zile kompyuta kubwa za IBM, ikaondolewa. Wakati huo hayo mashindano yalikuwa ya nadharia tu. Lakini miaka ikasonga, keneli ikazidi kuwa fundi wa kufanya kazi nyingi kwa pamoja, na kile cha nadharia kikawa rahisi kutokea.

Phil Oester ndiye aliyemfumania, kwa data aliyokuwa amerekodi ikiingia kwa seva. Kumbe kuna mtu alikuwa ashaanza kuitumia.

Dawa ya 2016 ni mistari michache. Karani hafuti tena ombi lako. Anaweka alama kwamba alitoa nakala, na kabla akupe ukurasa anahakikisha hiyo nakala bado iko. Torvalds akaandika wazi kwamba yeye ndiye alijaribu kuirekebisha miaka 11 nyuma, na akaifanya vibaya. Hata hiyo dawa, 2017 ikapatikana na pengo upande wa kurasa kubwa za kumbukumbu. Ikazibwa tena.

Maoni yangu: "hiyo haiwezi tokea" ni jibu la leo tu. Kompyuta ya kesho haijui uliahidi nini. Na simu ambayo kampuni iliacha kuitumia masasisho kabla ya 2016 haikupata hiyo dawa. Ng'ombe bado yuko ndani.

Yako ilisasishwa lini mara ya mwisho? Angalia, kisha uniambie.